Mianga ya Kaskazini Niliyoikataa

Mama mzee niliyekuwa nikimuuguza nyumbani kwake Al Thumama, huku Uarabuni, aliniomba nimsindikize Norwei kumwona mwanawe. Nilikataa kwa kuogopa baridi, akamchukua muuguzi mwenzangu, tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja.

Mwenzangu aliporudi, Ijumaa baada ya ibada kanisani kule Mesaimeer, Wakenya wenzetu walimzunguka kutazama video ya mianga ya kaskazini kwenye simu yake. Mwanga wa kijani ulikuwa ukitambaa angani, mara ukigeuka zambarau.

"Nilidhani dunia inaisha," alisema akicheka. "Nilipiga magoti kwenye theluji."

Wivu ulinishika. "Siku hizi hata kompyuta inatengeneza video kama hizo," nikasema, kila mtu asikie.

Mwenzangu aliizima simu, akaitia mkobani.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia ukweli. "Mimi ndiye niliyeombwa kwanza."

"Najua. Mama aliniambia. Ndiyo maana nilikupigia usiku ule wa mianga mara tatu, nikuonyeshe moja kwa moja kwa video. Hukushika."

Usiku ule nilikuwa macho kitandani, nikiitazama simu ikilia hadi ikanyamaza.