Chai Kwenye Kabureta

Mke wangu alipougua moyo, mlima wa kwenda hospitali Itumba ulianza kunitisha, ingawa nimeupanda tangu utotoni. Kigari chetu kilikuwa na injini ndogo iliyochoka. Tulipofika kwenye kona ya juu kilikoroma, kikazimika. Mke wangu alifungua mlango mwenyewe, akashuka. Nilirudi nyuma hadi penye tambarare, nikakipandisha kikiwa kitupu, kisha nikamngoja juu huku nikimtazama kwenye kioo akipanda kwa miguu, mkono kifuani. Alikuwa amekonda sana, na hata uzito ule mdogo gari lilikataa kuubeba.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni fundi wa pikipiki Tunduma. Nilimpelekea gari.

"Mjomba, injini yako inapumua kwa pua moja," alisema. "Niachie."

Aliitoa kabureta ya zamani, ile inayochanganya petroli na hewa, akafunga mbili za pikipiki kubwa iliyopata ajali, alizozinunua kwa wauza vyuma upande wa Zambia. Alizichomelea bomba alilolitengeneza mwenyewe. Lile bomba la zamani, lililokuwa likivuta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi kuipasha kabureta joto, halikuwa tena na pa kushika, akaliweka kando. Jua lilikuwa linawaka. Hakuna aliyefikiria baridi.

Vijana wa bodaboda walikuja kushangaa. "Mzee, gari lako limeoa pikipiki!"

"Na mahari kalipa nani?" mwingine akadakia.

Safari ya kwanza tulipoikaribia ile kona, mke wangu tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Gari lilinguruma, likapanda.

"Baba, leo sishuki?"

"Hushuki, Mama."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, naye akaitikia amina. Kitasa hakukiachia mpaka tulipofika juu kabisa.

Kisha kipupwe kikaingia, na ukungu ukalala milimani. Asubuhi moja alikuwa anahema vibaya, miguu imevimba. Nikamfunika blanketi, tukaondoka. Karibu na ile kona injini ilikosa pumzi, ikazima. Nilifunua boneti. Kabureta zote mbili zilikuwa zimefunikwa na weupe kama chumvi. Nilizigusa, vidole vikafa ganzi. Injini ilikuwa ya moto, lakini zenyewe zilikuwa zimeganda barafu.

Nilisimama pale nikaomba, kwa maana sikujua jambo lingine. Nyuma yangu nilisikia mlango ukifunguliwa.

"Mama, usishuke!"

"Sishuki. Kuna nini huko?"

"Barafu."

Alihema. Kisha akanyoosha mkono wenye chupa ya chai kupitia mlangoni. Ndicho chakula pekee kilichokuwa kikipita kooni mwake siku zile. "Mwagia hii."

"Ina maziwa, Mama. Na wewe utakunywa nini?"

"Mwagia, Baba. Gari nalo lina baridi."

Nilimimina polepole juu ya vile vyuma, pembeni, injini isije ikaivuta ndani. Mvuke ulipanda ukiwa na harufu ya jiko letu. Nikawasha. Injini ilikohoa, ikashika, tukapanda. Hospitalini walimpokea vizuri, wakamlaza. Hakurudi nyumbani. Madaktari walisema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani, na mimi nimelipokea hilo.

Baada ya mazishi mpwa wangu alifunua boneti, akaona michirizi ya maziwa iliyoungulia kwenye kabureta. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye vumbi.

"Mjomba, ni lile bomba. Nililitoa mimi."

"Ulilitoa ili mke wa mjomba wako asitembee," nikamwambia. "Na hakutembea."

Alikata kopo la mafuta ya kula, akatengeneza bomba jipya la kuvuta hewa ya moto. Sasa nawapandisha wagonjwa wa majirani, na hata kwenye ukungu gari halizimi. Alipotaka kuisugua ile michirizi kwa petroli, nilimshika mkono.