Ulimi Mwekundu Siku ya Komunyo

Kwenye matanga ya dada yangu, pale Mulekera, watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Jirani alisema marehemu hakuwa mtu wa tamaa. Kiongozi wa shirika lake la kanisani alisema kwamba tangu utoto wake hakuweka kitu kichafu kinywani. Hapo nilijifunika uso kwa kitambaa, na mama mmoja akanipapasa mgongo akidhani ninalia. Nilikuwa nimelia kabla, na nililia tena baadaye, lakini wakati ule nilikuwa ninacheka. Dada yangu alikula ukuta.

Nasema ukuta wenyewe. Tulikulia Butembo, upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, katika nyumba ya matofali iliyokuwa na jiko la miti na udongo kwa nyuma. Mvua ikipiga ule udongo mwekundu, harufu yake ilimsimamisha hata mtu mzima. Dada hakuishia kwenye harufu. Alikwangua kwa kucha, akaweka kinywani, akafumba macho. Nyuma ya mlango alichimba shimo la kutosha kuku kutagia, na kuku mmoja akalitumia. Mimi, mdogo wake kwa mwaka mmoja, nilikuwa mtu wa kutafuna kola ya shati. Ile ya uniforme yangu ilibaki nyuzi tu, na chaki pia sikuikataa.

Mama alitupiga kwa ajili hiyo, bila ubaguzi. “Udongo hapana chakula!” alisema, neno moja kwa kila fimbo. Lakini alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho alinunua sokoni udongo mweupe wa mabonge, akauficha kati ya vitambaa vyake, akautafuna ameketi wima kama mtu anayekunywa dawa ya daktari. Ule ulikuwa wa kununua, kwa hiyo haukuhesabika kuwa udongo. Baba alitafuna vijiti vya kiberiti, akatema vipande, akatuambia tujifunze adabu. Katekista wetu alitafuna kalamu. Alipotufundisha amri za Mungu tulikuwa tunaangalia mfuniko wa bic ukizunguka kati ya meno yake kama nyoka anayetafuta mlango.

Katekista huyo alipenda kuongeza. Kanisa linaomba mtu asile kwa saa moja kabla ya komunyo. Yeye aliwaambia watoto wa komunyo ya kwanza wasile tangu jua la Jumamosi kuzama, na asubuhi ya Jumapili akawapanga mbele ya kanisa kukagua ndimi zao, maana aliamini kwamba shetani hupita kwa njia ya ndizi mbivu.

Dada yangu alikuwa katika kundi lile. Mimi ilikuwa bado zamu yangu. Sijapata kuona mtoto aliyetaka kitu kama yeye alivyotaka ile komunyo. Alijua sala zote, hata zile za wafu ambazo hakuna aliyemwomba azijue. Aliamka kabla ya kuku, akasugua miguu yake kwa jiwe mpaka ikang’aa. Halafu, akingoja gauni lake jeupe lipigwe pasi, akiwa na hofu na tumbo tupu, mkono wake ulienda wenyewe nyuma ya mlango wa jiko.

Tulipofika kanisani, jamaa zetu wa Kalunguta walikuwa wanashuka kwenye lori la jirani yetu Mwislamu, aliyefanya safari za Butembo na Beni. Sisi wote tulimwita Hadji. Waliteremsha mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na bido, yale madumu ya plastiki, zilizojaa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Katekista alikuwa anapita kwenye mstari. “Toa ulimi. Toa ulimi. Toa ulimi.” Mbele ya dada yangu kalamu ilimtoka kinywani.

“Hii ni nini?”

“Ni ulimi, Mwalimu.”

“Najua ni ulimi! Juu ya nini iko rouge?”

Dada angeweza kusema wekundu ule ni wa mafuta ya mawese, au ni ugonjwa. Alisema, “Nilikula ukuta.”

“Kesho atakula sakristia!” mtoto mmoja alipiga kelele nyuma, na mstari wote ukacheka.

Katekista alimshika bega, akamweka kando. “Donc umevunja mfungo. Utangojea mwaka kesho.”

Mwaka kesho maana yake ilikuwa kukaa tena katika darasa moja na mimi, na gauni ambalo tayari lilimbana lisingepita tena mabegani. Kuku wa Kalunguta wangechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyerudishwa nyumbani. Dada hakulia. Alishika mshumaa wake, akaangalia wenzake wanavyosogea kuelekea mlango.

Mama alifika akifunga kitambaa chake kichwani.

“Mwalimu, juu ya nini mutoto wangu iko pembeni?”

“Mama, mutoto alikula.”

“Alikula nini? Kwangu hakuna kitu yenye ililala ku sufuria.”

“Alikula udongo.”

“Ah! Udongo!” Mama alipumua. “Udongo hapana chakula, Mwalimu. Weye mwenyewe unasemaka vile kila siku.”

“Hapana chakula, lakini aliimeza.”

“Basi ni chakula?”

“Hapana.”

“Donc hapana kula.”

“Mama, kitu ikipita ku koo, njo kula.”

“Na mate? Weye hapana meza mate leo? Na ile bic yako?”

Nilimwangalia mama yangu kama mtu niliyekutana naye njiani. Wiki ileile alikuwa amempiga dada kwa ukuta huohuo. Sasa ukuta ulikuwa hauna hatia, na katekista, adui mkubwa wa udongo katika parokia nzima, alikuwa anautetea uitwe chakula.

Katekista alipoona watu wanaanza kucheka, alitafuta msaada. “Hadji! Kuja hapa. Beye munafungaka vizuri. Kwenu mutu akimeza udongo, inakuwa namna gani?”

Hadji alifunga mlango wa lori taratibu, akanyoosha kofia yake. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba shauri mbele ya kanisa.

“Kwetu imevunjika,” alisema. “Hata kama ni jiwe.”

“Unasikia, Mama?”

“Hadji, weye ulikuja kuleta kuku, hapana kuleta sheria!”

“Mama, niliulizwa.” Hadji alikohoa. “Lakini kwetu mutoto wa umri hii hapana lazima ya kufunga.”

“Unasikia, Mwalimu?” Mama alipiga makofi.

“Hapa hapana musikiti,” katekista alisema.

“Ni weye umeniita,” Hadji alijibu.

Shangazi mmoja wa Kalunguta, aliyekuwa bado ameshika kuku wake, aliuliza kama ukuta wenyewe ulikuwa mtamu. Dada yangu alinivuta mkono, akaninong’oneza, “Kengele ikilia, bataingia bila miye.”

Padri alitoka kuuliza kwa nini maandamano hayaanzi. Wote walimwelezea kwa pamoja. Alisikiliza mpaka wakachoka, akainama mbele ya dada.

“Mutoto, ulikuwa na njaa?”

Mama, nyuma ya padri, alitikisa kichwa kwa nguvu: sema ndiyo. Njaa ingemwokoa. Hata katekista asingepigana na njaa.

“Hapana, Padri,” dada alisema. “Iko tamu.”

Mama alijifunika uso. Kitu kitamu, mtu anakitetea namna gani kwamba si chakula? Katekista aliokota kalamu yake, akairudisha kinywani kama mtu aliyeshinda kesi.

Lakini padri hakuwa amemaliza. “Ulikula wakati gani?”

“Mbele ya kuvaa gauni.”

Padri aliangalia saa yake. “Kanisa inaombaka saa moja mbele ya komunyo. Moja tu.” Akamgeukia katekista. “Weye uliambia batoto nini?”

“Toka jana magaribi!” mstari wote ulijibu. Wazazi walianza kunung’unika, na katekista akaiangalia kalamu yake kana kwamba imeandika kosa.

“Bon,” padri alisema. “Kutoka sasa mpaka komunyo kuna masomo, kuna nyimbo, kuna homilia yangu.” Aliposema homilia, watu wazima waliinamisha vichwa. “Hata angekula kanisa muzima, saa moja itapita. Asukutue kinywa, aingie.”

Maji ya karibu yalikuwa katika birika ambayo Hadji alibeba ndani ya lori kwa ajili ya kunawa kabla ya swala. Dada alisukutua kwa hayo, akatema mekundu, akatema tena mpaka yakawa meupe. Hadji alimshikia mshumaa. Katekista aliangalia upande mwingine.

Homilia ile ilitimiza ahadi. Mtoto mmoja alisinzia, mshumaa wake ukaunguza shela ya aliyekuwa mbele yake. Komunyo ilipofika, katekista alisimama kando ya altare akikumbusha kila mtoto sheria yake nyingine, kwamba hostia haitafunwi. Kuitafuna ni kumuuma Bwana. Inaachwa iyeyuke.

Dada alirudi mahali pake, mikono imeunganishwa. Nilimsogelea, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yetu.

“Yaya, iko namna gani?”

Alitikisa kichwa, midomo imefungwa. Wimbo ulianza, hakuimba. Misa iliisha, mpiga picha akawaambia wacheke, wote wakacheka isipokuwa yeye. Shangazi wa Kalunguta alimbusu, akamuuliza maswali, akajibiwa kwa macho. Nyumbani waliweka mbele yake sahani ya wali na paja la kuku, na ingawa hakuwa amekula tangu jana, aliketi tu. Mama alishika kiuno.

“Nini tena? Kula!”

Dada alimeza mate, akapitisha ulimi pole pole kila upande wa kinywa, akitafuta kama hostia bado ipo. Hakukuwa na kitu.

“Imeisha,” alisema. “Mi hapana tafuna hata kidogo.”

Kisha akachukua paja la kuku, akalila pamoja na mfupa.