Karafuu ya Mwili

Majina yao wote ninayo kichwani mpaka leo, ila siyaandiki. Wengi wako makaburini, wapumzike.

Dada yangu alikuwa anaolewa, miaka ile ya foleni: sukari foleni, sabuni foleni. Nyumbani kwetu Kariakoo kila kitu kilitafutwa kwa taabu kikapatikana, isipokuwa karafuu ya kusagia singo, ile ya kumsugua bi harusi mwili mzima mpaka anukie. Bibi yetu akasema bila singo mjukuu wake hatoki. Na mwenyewe hoi kitandani, kifua kimembana, lakini ndiye wa kumsugua.

Shangazi wa bwana harusi, mtu wa bara, akajitolea kuitafuta. Akazunguka maduka yote mpaka kule Mnazi Mmoja. Jioni akarudi na kifurushi cha gazeti, uso umemng'aa. Mama akakifungua mbele ya wanawake.

Vipande vyeupe. Harufu ile nani asiyeijua? Karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu.

"Mmetuletea msiba?" mama akasema. "Basi, harusi hakuna!"

"Jamani, mimi karafuu sijapata kuiona, nilijua ndiyo hii!" Yule shangazi akajitetea. "Nimemwambia muuzaji nataka karafuu ya kupaka mwili. Akaniambia pole sana mama. Nikamjibu ahsante, nimeshapoa. Nilidhani ananipa pole ya foleni!"

Hakuna aliyecheka. Dada alijifunika kanga usoni, mabega yanamcheza. Mama ameshaanza kulifunga lile gazeti alirudishe.

Ndipo bibi akaita toka kitandani.

"Lete hapa, hiyo yangu. Mkwe ana macho huyu. Kaona nani anaondoka, nyie mmekazana na bi harusi tu."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Wanawake nao wakacheka, wengine huku wanafuta machozi. Kifurushi akakitia chini ya mto.

Dada akaolewa bila singo, ananuka sabuni ya kufulia.

Bibi hakukaa sana. Siku tunamwosha, shangazi yule akasimama mlangoni, anaogopa kuingia.

"Poleni, mkwe. Kuna kilichopungua nikatafute?"

Mama alikuwa anaponda vile vipande vyeupe kinuni. Hakuinua uso.

"Hakuna, mkwe. Ulishaleta."