Nilivyojikaribisha Nyumbani Kwangu

Mume wangu aliponiambia kwamba ana mke mwingine Nansio, kisiwani Ukerewe, nilimuuliza kama atakunywa chai. Si kwamba nina roho nzuri. Nilikuwa nimeshashika birika, na sikuona sababu ya kulirudisha jikoni. Alikunywa, akaongeza sukari, akapanga nguo zake kwenye begi, na katika kujitetea akasema neno lililonibaki kichwani kuliko yote: "Mbona hata mdogo wako anajua? Alikuja kwenye ubatizo wa mtoto, akala, akafurahi na watu."

Mdogo wangu ni mmoja tu, na wazazi wetu walishatangulia. Anafundisha huko huko kisiwani, na ni kweli, mwaka mmoja kabla ya hapo alishuka melini na hotipoti ya pilau. "Jirani alikuwa na ubatizo, dada. Nikasema siwezi kula peke yangu." Kwetu ndivyo ilivyo, mtu harudi kutoka kwenye sherehe mikono mitupu wakati ana ndugu. Nikala. Nikaisifia. Nikasema aliyepika pilau hiyo ana mkono wa baraka, na mdogo wangu akainamisha kichwa, nikadhani ni uchovu wa safari. Yaani nilimpa mke mwenzangu maksi zote kabla sijajua kwamba tuko darasa moja.

Watu walingoja nilie. Sikulia. Nilikuwa nimeingia ganzi. Ganzi ya mguu unapigapiga chini inaondoka. Ya moyo sijui mtu anapigapiga wapi. Nilikwenda shuleni Butimba, nikafundisha watoto kujumlisha na kutoa, nikacheka wenzangu walipocheka, nikichelewa kidogo kama mtu anayesubiri mkalimani. Chakula kilikuwa pamba mdomoni. Mdogo wangu alipiga simu, nikaitazama ikiita mpaka ikachoka. Alituma ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, nikausoma kama tangazo la kukatika umeme. Wala sikumchukia, na hilo ndilo lililonitisha. Kumchukia kungekuwa na maana bado ni mtu kwangu. Niliona kabisa kwamba nikiendelea hivi nitamzika ndugu yangu wa pekee angali hai, tena nikiwa na macho makavu.

Ushauri haukukosekana. Mwanza hatuna uhaba wa ushauri. Uhaba wetu ni wa maji, na tumekaa kando ya ziwa. Akina mama wa kanisa walikuja kwa zamu. Mmoja alisema nifunge na kuomba. Mwingine alisema ninenepe, ili siku akiniona njiani ajute. Wa tatu aliniletea majani machungu kutoka Misungwi, yanayosafisha damu, yanayotuliza moyo, na ukiyachemsha sana yanaua kunguni. Wote niliwapikia, wote wakala, wote wakasema, "Mwalimu, chakula kitamu hiki!" Kisha wakanichungulia machoni kuona kama machozi yamekaribia, wasije wakakosa.

Mwishowe nilikwenda kwa mshauri kwenye zahanati moja mjini, binti mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alinisikiliza, akasema, "Mama, jihudumie kama unavyomhudumia mgeni wako."

Maskini, hakujua anaongea na nani. Sisi watu wa huku ukitutajia mgeni umetutajia kazi. Jumamosi hiyo nilitoka nje, nikafunga mlango, nikapiga hodi.

"Hodi!"

"Karibu!" nikajijibu, nikaingia, nikajipokea mkoba, nikajipa pole ya safari.

Jirani yangu alikuwa akianua nguo juu ya jabali, maana mlimani kwetu mawe ndiyo kamba. Alisimama na shuka mkononi akinitazama. Habari zilimfikia mchungaji kabla maji yangu ya kuoga hayajachemka.

Lakini nikishaanza jambo sirudi nyuma. Nilioga maji ya moto, nikakaa kwenye kochi la wageni, lile ambalo kwa miaka yote nilikuwa nalipangusa bila kulikalia. Nilitoa glasi kabatini. Glasi hizo zilikuwa zikimsubiri askofu tangu harusi yangu. Askofu hakuja, na aliyenioa hakukaa, kwa hiyo nikanywea mimi. Nilishuka mwaloni Kirumba nikanunua sato mzima. Katika ndoa yangu kichwa na kipande cha katikati vilikuwa vya mwenye nyumba, na mimi nilikula mkia, mahali ambapo Mungu alificha miiba. Sasa nikajipakulia katikati. Sikusikia ladha yoyote, ila mgeni mwenye adabu halalamiki. Nilimaliza sahani, nikamshukuru mwenyeji.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikajipa. Nyuma ya nyumba, kwenye kaudongo kalikobaki katikati ya mawe, nilipanda mchicha. Nikisema jioni nitautilia maji, nautilia. Nikisema leo nitalala mapema, nalala. Nikisema kesho nitatembea ufukweni baada ya kazi, natembea, hata kama sina hamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha kuwaamini watu wote, na wa kwanza kwenye msururu nilikuwa mimi, maana ni mimi niliyekula pilau ile nikaisifia. Mtu wa namna hiyo utamwamini vipi? Unamtuma vitu vidogo vidogo, unaona kama atavifanya.

Jioni moja ufukweni wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kwa wingi wao, wakaniingia masikioni na mdomoni. Nikakasirika. Nikawatukana kwa Kisukuma, kwa sauti, mbele za watu. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana, kwa sababu ilikuwa imepita miezi sijakereka na kitu.

Halafu Jumapili moja mchana nikasikia hodi, na safari hii haikuwa yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mdogo wangu alikuwa amekonda. Hakuwa na mzigo, hakuwa na hotipoti, alikuwa na pochi tu, akiishika kwa mikono miwili. Ningeweza kufunga mlango. Lakini kipindi hicho nilikuwa nimezoea mno kupokea wageni, mkono ukajiendea wenyewe. Nikampokea pochi, nikamwonyesha kochi, nikaenda kusonga ugali.

Nilimtengea sato. Nilimpa mkia. Utakatifu wa kumpa kipande cha katikati sijaufikia hata leo.

Alikula tonge la kwanza, akameza kwa shida. Akala la pili. Mimi nilikuwa namtazama, na nilijua kitakachofuata: atasema kitamu, kama wote, atamaliza, atanawa, ataondoka na meli, na mimi nitakuwa nimemalizana naye. Wala nisingehitaji kumfukuza.

Akaweka tonge la tatu chini.

"Dada, utakasirika."

"Sema."

"Hiki chakula hakina chumvi. Samaki hana, mchuzi hauna. Hakina kabisa."

Nilinyanyuka nikaenda jikoni kutazama kopo. Lilikuwa tupu, limekauka, na buibui amejenga. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilinunua chumvi. Nikawafikiria akina mama wote waliokaa pale sebuleni kwangu, wakameza hicho chakula mpaka mwisho, wakanisifia kwa huruma. Hasira ikanipanda, hasira yenyewe. Nikarudi nikasimama mbele yake.

"Kumbe unaweza kuniambia! Chumvi unaweza! Na yule mwanaume je?"

"Niliogopa kukuumiza, dada." Akaanza kulia. "Niliileta ile pilau kwa sababu nilitaka nikwambie. Nikafika mlangoni nikashindwa. Nilikukosea. Sitarudia, hata kama utanichukia, nitakwambia."

Hapo nililia. Nililia vibaya, kwa makamasi na sauti, kile kilio walichokisubiri akina mama wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo kukifaidi. Iliniuma. Yote yaliniuma kwa pamoja, ndoa, pilau, miezi yote ile, na huyu mtoto wa mama yangu aliyeketi mbele yangu na mikono yenye ugali.

Tulipotulia kidogo nilimwambia, "Duka liko hapo chini. Kanunue chumvi."

Alivaa kandambili zangu bila kuomba, akashuka kwenye mawe karibu anakimbia. Nilifunika samaki na ugali visipoe, nikakaa kumsubiri. Nilikuwa na njaa.