Mshenga wa Mbung'o

Kabla ya kubeba mbung'o, mwanamke huyu alikuwa akibeba saruji kwa lori. Wanaume wa karakana ya malori walimcheka mwanzoni, lakini cheko liliwaisha walipomwona akibadilisha gurudumu la nyuma huku akiimba. Kisha akapata kazi kwenye kituo kinachofuga mbung'o dume na kuwapiga mionzi ili wawe tasa. Mama mkwe wake alishika tama.

"Mwanangu, wenzako wanaua nzi, wewe unawapakia garini kama wageni wa harusi?"

"Ndiyo hivyo, mama. Jike akishapandwa na dume wetu, hazai. Kizazi kinakatika chenyewe."

Mumewe, mshona viatu, alicheka mpaka akadondosha nyundo. "Kumbe mke wangu ni mshenga!"

Jina likamganda.

Ushenga wenyewe haukuwa lelemama. Mbung'o husafirishwa katika ubaridi wa wastani, wakiwa wamezubaa. Joto likizidi, huamka na kujipigiza kwenye maboksi hadi mabawa yanachanika. Baridi ikizidi, hawaamki tena. Safari ilikuwa ya kutwa nzima, mpaka kwenye bonde ambako ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umewakondesha ng'ombe wakabaki mifupa na ngozi. Mshenga aliendesha kama mtu aliyejitwika mayai, jicho moja barabarani, jingine kwenye kipimajoto.

Siku moja, jua likiwa la utosi, mashine ya baridi ilikohoa, ikanyamaza. Alijaribu kila alichokijua, mashine ikamgomea. Mbele kulikuwa na kituo kidogo cha biashara, na katika maduka yote, ni bucha moja tu lililokuwa na chumba cha baridi. Akaingia na boksi moja mikononi.

"Shikamoo, kaka. Nina mzigo wangu, naomba uniwekee humo ndani mpaka nipate fundi."

"Marahaba. Mzigo gani?"

Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Mbung'o."

Muuza nyama aliweka kisu chini taratibu. "Dada, nzi nawafukuza hapa tangu asubuhi, wewe unaniletea kwa maboksi?"

"Wamefungwa, hata mmoja hatoki. Ni madume tasa, wanakwenda bondeni kukata kizazi cha mbung'o. Ng'ombe wako unawanunua wapi?"

"Huko huko," alisema, sauti ikashuka. "Au tuseme, nilikuwa nawanunua. Siku hizi naletewa mifupa inayotembea." Alimtazama tena yule mwanamke, jasho likimtiririka, boksi amelikumbatia kama mtoto mwenye homa. Akafungua mlango. "Haya. Wateja wakiuliza, ni mitungi ya mtindi."

Chumba kilikuwa cha baridi mno. Mshenga akayafunga maboksi kwa mablanketi ya garini, akayapanga karibu na mlango, akasimama hapo hapo na kipimajoto mkononi. Baridi ikizidi anafungua mlango kidogo, joto likipanda anaufunga. Muuza nyama alikwenda mwenyewe kumtafuta fundi. Mshenga meno yalimgongana, vidole vikafa ganzi, lakini hakutoka hata kunywa maji mpaka aliposikia mashine ikinguruma nje.

Alifika bondeni jua likielekea kuzama. Wachungaji walikuwa wamekusanyika. Boksi la kwanza lilifunguliwa. Mbung'o walilala kimya, naye akaliinamia boksi. Kisha mmoja akajikung'uta, akaruka. Akafuata mwingine, halafu wakatoka kwa pamoja, wakaelekea vichakani. Mshenga aliketi chini, akalia bila kuona haya.

Alirudi kwenye njia ile msimu baada ya msimu. Haba na haba, mitego ya kuhesabia mbung'o bondeni ikawa inanasa wachache kuliko awali, mwishowe ikakaa mitupu. Mara ya mwisho alipopita bucha lile, muuza nyama alimvuta mkono hadi uani, akamwonyesha fahali mnene, mweusi tii, anayeng'aa.

"Wa bondeni huyo," alisema. "Sina moyo wa kumchinja."