Vipande Viwili vya Boga

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya msimu wa majani kudondoka, pale Hyattsville, huku Marekani, nilipokaribia kumuua rafiki yangu kwa sinia la boga. Umeniomba nikufundishe boga lile la kuoka ili ulipeleke kwenye chakula cha kazini kwenu. Nitakufundisha, lakini hadithi inatangulia. Usipoitaka hadithi, na boga hulipati.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Mtwara mwaka mmoja tu nyuma, ninapanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa la vyakula. Jirani yangu alikuwa Dada Renee, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni akakipenda kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Ndiye aliyenionyesha basi la kwenda kazini, na ndiye aliyebisha mlango wangu nilipolala na homa siku tatu. Kwa hiyo aliponialika nyumbani kwake kwenye chakula cha mavuno, nikaapa kwamba leo nitapika mpaka watu wajilambe vidole.

Nikachagua boga la shingo ndefu, lile ambalo hapa huitwa batanati. Lile ni gumu, na kisu huteleza, basi likate kwanza katikati, ulilaze upande uliokatwa juu ya ubao. Nikalimenya, nikakwangua mbegu nikazitupa (usizitupe, nitakwambia kwa nini), nikakata vipande vya kutia mdomoni mara moja. Nikavipaka siagi, chumvi kidogo, mdalasini, iliki, na shira ya mti wao ule wa mepo. Vitandaze kwenye sinia visigusane, maana ukivibananisha vitachemka badala ya kuokeka. Oveni iwe kali mpaka kingo zigeuke kahawia na kunata.

Kisha nikatia langu. Mama alikuwa ameniletea korosho kwa mkono wa msafiri. Nikazikaanga, nikazisaga mpaka zikawa laini kama unga, nikazikoroga na tui zito, nikalimwagia boga na kulirudisha ovenini. Likatoka tamu ajabu, na korosho huioni hata ukimulika kwa tochi.

Renee akanipokea mlangoni. "Karibu sana, dada. Samahani, je, kuna karanga ndani ya chakula hiki?"

"Hakuna, dada yangu. Hata punje."

"Nashukuru. Karanga hunidhuru sana."

Wala sikudanganya, mwanangu. Karanga ni karanga na korosho ni korosho. Kwetu Mtwara ukivichanganya hivyo viwili, hata watoto watakucheka.

Mezani tulikuwa watu tisa. Mbele yangu aliketi Mama Atieno, Mkenya wa makamo aliyefanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee. Mimi na yeye kila tulipokutana tulishindana kwa masufuria. Akaonja boga langu, akafumba macho.

"Hii malenge umeiweka nini?"

"Boga," nikamsahihisha.

"Malenge, boga, whatever. Umeiweka nini?"

"Siri ya mtungi aijuaye kata," nikamjibu, na waliokijua Kiswahili wakacheka. Nikavimba kichwa. Nilijiona malkia wa Maryland nzima.

Renee alikuwa ameshakula vipande viwili. Mgeni mmoja akamsogezea keki, naye akaikataa kwa Kiingereza kwamba hali nats, nats za aina yoyote ile.

Neno hilo nililijua. Kila siku kazini nilipanga makopo yaliyoandikwa hivyo, na kwenye picha ya kopo zilichanganywa karanga na lozi, na juu kabisa ilikaa korosho.

Uma wa Renee ulikuwa umeshachoma kipande cha tatu. Ilinipasa kusema neno moja tu, tena hata kulipigia kelele. Lakini dakika moja nyuma nilikuwa nimetamba mbele ya watu wote kwamba sisemi, na Mama Atieno alikuwa bado ananitazama. Nikajiambia labda korosho haihesabiwi. Nikajiambia mbona ameshakula viwili na yu mzima. Nikajiambia nitamnong'oneza akiinuka kwenda jikoni. Akala cha tatu. Mimi nakunja kitambaa changu, nakikunjua. Akala cha nne.

Akaanza kujikuna mdomo. Akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena. Aliponigeukia, midomo ilikuwa imeanza kuvimba na sauti imekuwa nyembamba, si yake.

"Dada," akasema, "uliniambia hakuna karanga."

"Korosho!" nikapiga kelele. "Nimetia korosho!"

Mama Atieno alikuwa ameshasimama. "Pigeni 911! Renee, sindano yako iko wapi?" Renee akanyoosha kidole kwenye mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango. Nikaukimbilia. Zipu ikakwama. Nikaivuta, ikakwama zaidi, nami nasikia nyuma yangu pumzi ya mtu inafanya mlio kama filimbi iliyoziba. Nikaupasua ule mkoba kwa nguvu, vitu vyote vikamwagika sakafuni, na ile sindano yake, yenye umbo la kalamu, ikabiringika chini ya kabati. Nikalala kifudifudi nikaitoa. Mama Atieno akamchoma pajani juu ya nguo, akaishikilia pale, anahesabu. "Breathe, mama. Pumua na mimi."

Tukamlaza chini. Mpaka gari la wagonjwa linafika, Renee alikuwa ameushika mkono wangu. Mimi, mwanangu! Mimi niliyemlisha.

Hospitalini tuliketi kwenye korido, mimi na Mama Atieno. Ilichukua muda mrefu kabla ya daktari kutoka na kutuambia kwamba amepona, ila watamwangalia mpaka asubuhi. Nikalia. Mama Atieno akaniacha nilie, halafu akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza.

"Somoe, ulijua saa ngapi?"

Nilitaka kusema nilijua alipokohoa. Ulimi ukagoma.

"Aliposema nats."

"Na akakula ngapi baada ya hapo?"

"Viwili."

Akatikisa kichwa. "Hiyo ya neno, hiyo ni mistake tu. Hata mimi ningefanya. Lakini hizo mbili za mwisho, Somoe, hizo ulimpea ukijua."

Sijawahi kuchapwa kwa fimbo iliyoniingia kama maneno yale.

Kesho yake nikaenda kwa Renee kuomba radhi. Nikamweleza yote, na vile vipande viwili sikuvificha. Akageuzia macho dirishani, nikajua nimempoteza. Kisha akauliza, "Kwa Kiswahili, nats zote pamoja huitwaje?"

Nikafikiri sana. "Hatuna jina moja, dada. Kila moja ina lake."

"Kitabu changu kilisema ni karanga."

"Kitabu chako hakijafika Mtwara."

Akacheka kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, nami nikalia upya.

Miaka mingi imepita. Kila majani yakigeuka rangi namwokea Renee boga bila korosho. Juu yake nanyunyiza mbegu za boga lenyewe, zilizooshwa, zikakaushwa na kuokwa kwa chumvi, baada ya yeye na daktari wake kuniambia hazimdhuru. Na kila mwaka, mlangoni, huniuliza, nami sikasiriki. Namtajia moja moja: hamna karanga, hamna korosho, hamna lozi, na sinia nimeliosha. Ndipo hula. Mimi husubiri mpaka amalize cha nne ndipo nianze changu.

Basi shika haya, mwanangu. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, nao walisema kweli, ila mimi nilijikwaa kwa kunyamaza. Chakula cha watu usikifanyie siri. Mtu akikuuliza, jibu kile anachokiogopa, usijibu neno tu alilolitamka. Na ukigundua umekosea, sema hapo hapo, uma ukiwa bado njiani, hata kama meza nzima itakucheka. Aibu ile ingenipita kabla sahani hazijaoshwa.

Nenda kaoke boga lako. Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako unaopakua, na ulimi wako aujalie kuuwahi mkono. Wote utakaowalisha wainuke mezani wazima, na mwakani wakualike tena. Amina.