Mtaro wa Mzee wa Gesti

Nianze na bustani, maana nikianza na yule mzee nitatukana.

Bustani yangu iko mwisho wa mtaro wa mji, pale bonde linapoanzia. Ni kipande nilichopewa na baba mkwe nilipoolewa hapa nikitokea Bashay. Napanda chainizi, figiri, karoti, na tuta moja la vitunguu swaumu, kwa sababu mtu wa Bashay akikosa kitunguu swaumu halali vizuri. Mume wangu alipofariki, mboga hizo ndizo zilizotulisha mimi na wanangu. Mtaro unaleta maji ya mvua kutoka barabarani, yanajaa kwenye kidimbwi changu, nami namwagilia mpaka kiangazi kikolee. Miaka yote yalikuwa maji ya mvua tu, yenye tope na majani.

Halafu mzee akajenga gesti kando ya mtaro. Vyumba vingi, baa, ukumbi wa mikutano wenye vigae. Mtu mkubwa: mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kata. Ukimsikia akihutubia kuhusu usafi utadhani analala na ufagio.

Masika ya kwanza baada ya gesti kufunguliwa, niliamka nikakuta kidimbwi kina rangi nyingine na harufu ya kukata pumzi. Na vilivyoelea humo sitavitaja, huenda unakula.

Mji mzima tunajua mchezo huo. Mvua ikianza kupiga bati, mtu anafungulia shimo lake la choo, uchafu unakwenda na maji ya mtaro, na yeye anaepuka kumwita mtu wa gari la kunyonya. Tunaita kutapisha choo. Lakini mzee alikuwa fundi wa mchezo. Gata za paa lote alizielekeza kwenye bomba moja lenye koki, na akiifungua, maji ya bati yanaingia shimoni kusukuma mzigo mpaka mtaroni. Kazi hiyo hakumwachia mfanyakazi. Mvua ikianza tu utamwona anatoka mwenyewe na koti refu na mabuti, anazunguka nyuma.

Nikaenda kwa bwana afya. Alikuja, lakini alikuja kiangazi. Mtaro mkavu kabisa, unaweza kuanika mahindi. Mzee akamkaribisha soda ukumbini, wakacheka, akaondoka.

Masika yaliyofuata ikawa vilevile, na safari hii maneno yakafika sokoni kabla yangu. Mama ntilie mmoja, mteja wangu wa tangu zamani, aliinua fungu la chainizi akalinusa mbele za watu, akalirudisha. "Hizi si zile mboga za mtaroni?" Basi, jina likanasa. Nikipita na beseni kichwani, watu wanaziba pua kwa utani. Nilirudi nyumbani na beseni limejaa kama nilivyoondoka nalo, nikawamwagia ng'ombe. Nililia jikoni siku hiyo, sitaki kudanganya. Kisha nikanyamaza. Kwetu mtu akipiga kelele ujue hasira inaisha, akinyamaza, mwogope.

Ningeweza kuvumilia, pengine. Lakini mzee aliona harufu ile itamfikia siku moja, akawahi. Akapeleka hoja kwenye kamati: bustani iliyo mwisho wa mtaro ndiyo inayochafua mji, ina mbolea mbichi, ing'olewe kabla ya kuleta magonjwa. Bustani yangu! Aninyee, halafu aniambie nanuka! Mtendaji wa kata akaniletea taarifa ya siku ya kikao, na mahali: ukumbi wa gesti.

Nikasema sawa. Ukimwaga ugali, namwaga mboga.

Jumamosi kabla ya kikao kulikuwa na msaragambo wa kusafisha mitaro, kila kaya itoe mtu. Tukagawiwa vipande, na mimi sikungoja kugawiwa, nikasimama mbele ya gesti na jembe langu. Mzee mwenyewe akatoka na magunia matupu ya pumba yenye alama yake ya rangi, akatugawia ya kubebea tope, kwa sauti ya kuhesabika mbinguni. "Nimejitolea. Lakini kila gunia lirudi."

"Shikamoo mzee," nikasema nikiwa ndani ya mtaro.

"Marahaba. Fanya kazi, mama, acha kulalamika."

Nikafanya kazi. Chini ya jiwe bapa ukutani mwa mtaro nikakuta mdomo wa bomba lake la kutolea uchafu shimoni, mnene kama paja. Ilikuwa mchana kweupe, watu wamejaa, mtendaji anapita anapiga picha kwa simu. Nikalikunja gunia la mzee likawa gumu kama gogo, nikalisukumia ndani ya bomba kwa mpini wa jembe mpaka likagoma. Nyuma yake nikashindilia mawe na udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu unaoshika mpaka kiatu. Jiwe bapa nikalirudisha mahali pake. Mzee akaja kukagua, akasema, "Sasa hapa pamependeza."

Jioni akahesabu magunia yake, moja halikuwepo. Akaninyooshea kidole mbele ya wote. "Huyu wa mboga za mtaroni! Sasa na magunia?"

"Litarudi, mzee," nikamwambia.

Siku ya kikao wingu lilikuwa limelala juu ya mlima tangu asubuhi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, nimevaa sweta langu la kanisani. Mtendaji alikuwa anasoma hoja ya kung'oa bustani pale mvua ilipoanza kupiga bati. Mzee akainuka. "Samahani kidogo, nikaangalie madirisha." Nani asiyejua madirisha hayo! Akarudi mabega yamelowa, akakaa, akakunja nne.

Mvua ikakolea, mvua ya hapa kwetu Mbulu, ile ya kumfanya mtu apige kelele ili asikike. Nami roho yangu ikatulia, nakuambia, kama mtu aliyekwisha kula. Nyuma ya mlango wa choo kikaanza kitu kukoroma. Kikakoroma tena. Kisha maji yakatokea chini ya mlango, meusi, taratibu, yakifuata mistari ya vigae mpaka meza kuu. Wajumbe wakapandisha miguu kwenye viti. Mmoja akakimbilia dirishani kutapika. Bwana afya, naye mjumbe, akabaki ameinua viatu mkononi.

Mzee akasimama katikati ya uchafu wake, akapiga ukelele: "Nani kaziba bomba langu?"

Wajumbe wote wakamgeukia.

Bwana afya akauliza polepole, "Bomba gani, mzee?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, na sikuziba mdomo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na suruali ya kitambaa.

Hoja ya kung'oa bustani yangu haikusomwa tena. Mzee alivuliwa uenyekiti, na akaamriwa alifukue bomba lote kwa mikono yake, mtendaji akiwa amesimama pale, kisha alipe gari la kunyonya kama watu wengine. Siku ya kufukua nilikwenda kuuza mboga pembeni ya shimo. Sikuwa na haja ya kuuza pale, nilitaka tu. Watu walijaa, na yule mama ntilie alikuja wa kwanza, mpole kama mgeni. Nilimchagulia mafungu yaliyonyauka, na akashukuru.

Mzee alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani.

"Shikamoo mzee."

Akaendelea kuchimba. Watu wakageuka kumtazama, maana hapa kwetu mtu mzima hanyimi salamu. Nikairudia kwa sauti, tena kwa heshima zote.

"Marahaba," akasema, macho chini.

Akachomeka koleo, akang'oa mfinyanzi, akavuta kitu kilichokunjwa ndani ya bomba. Kikamfungukia mikononi, kinadondosha. Akakitazama muda mrefu, maana alama ya rangi aliyopaka magunia yake bado ilikuwa inasomeka.

"Ndilo hilo, mzee," nikamwambia. "Si nilisema litarudi?"